Bambo Halifumui Gunia

Msimu wa mavuno ukifika Songea, mnunuzi wa mahindi hafungui magunia. Anapita kwenye rundo na bambo mkononi, kile kichuma chenye ncha na tumbo wazi. Analichoma ubavuni mwa gunia, anageuza kiganja, analichomoa. Punje chache zinamwagika. Anatazama rangi, ananusa, anaweka moja kati ya meno aisikie inavyovunjika. "Haya bado mabichi, mama. Yarudishe juani siku mbili." Mwenye mahindi ananuna, lakini habishani na bambo. Anakwangua kwa ukucha pale lilipopita, nyuzi za kiroba zinajirudi, tundu linajiziba. Gunia limekaguliwa na mshono wake haujaguswa.

Makala hii ni ya mitambo ya umeme, na nimeianza kwa mahindi makusudi. Huku Hanga, kama kwingine Ruvuma, nimekutana na watu wenye akili timamu ambao hawawezi kukubali gunia lao lifumuliwe na kumwagwa chini ili lipimwe unyevu. Watu haohao wakisimama mbele ya jenereta wanashika imani nyingine kabisa: mashine haijakaguliwa mpaka imefunguliwa. Imani hiyo ipo karakana, ipo kwenye vikao vya bajeti, ipo kwenye madarasa ya ufundi. Ukitaja kwamba ziko roboti ndogo zinazoingia ndani ya jenereta kubwa na kuikagua bila kutoa rota, unajibiwa mambo matatu, tena kwa mpangilio uleule. Kwanza, hicho ni kiini macho; fundi wa kweli anafungua. Pili, hata kama kinafanya kazi, ni anasa ya nchi tajiri. Tatu, hata tungekimudu, kitawanyima vijana wetu kibarua. Nayakataa yote matatu, na la kwanza nalikataa kuliko mengine, kwa kuwa ndilo linaloua mashine.

Tutazame kitu chenyewe kwanza, maana wengi wanaokibeza hawajui ni nini. Jenereta kubwa ni kama ngoma mbili, moja ndani ya nyingine. Ya nje, yaani steta, imetulia: ni maelfu ya bati nyembamba zilizopangwa na kubanwa zikawa kiini kimoja cha chuma, kikachongwa mifereji, na ndani ya mifereji zikalazwa koili za shaba zilizovikwa insulesheni. Koili hizo zinashikiliwa na kabari zisitikisike. Ngoma ya ndani, rota, ndiyo sumaku inayozunguka. Kati ya hizo mbili kuna mwanya wa hewa, na katika jenereta kubwa zinazoendeshwa kwa mvuke au gesi mwanya huo ni wa sentimita chache tu. Humo ndimo roboti inamopita. Ni kigari bapa, chembamba kama kitabu cha sala, chenye sumaku zinazokifanya king'ang'anie chuma cha steta. Kinatambaa ukutani na darini kama mjusi kafiri, kikiburuta waya wake nyuma. Kampuni za ABB, GE na Siemens zimetumia vigari vya namna hiyo miaka mingi.

Ndani ya mwanya kinafanya kazi tatu. Kinapiga picha. Kinagonga kabari moja baada ya nyingine kwa kinyundo na kupima inavyojibu, kama fundi agongavyo chungu kujua kina ufa. Kabari iliyolegea hujibu tofauti na iliyokaza. Kisha kinapima afya ya kiini. Njia ya zamani ya kupima kiini ni kuzungushia steta nyaya nene, kuitia usumaku karibu sawa na wa kazi, na kutafuta sehemu zinazochemka. Kwa hiyo ni lazima rota iwe nje. Njia nyingine, iliyobuniwa Uingereza katika miaka ya 1970, inatumia usumaku hafifu, kama asilimia 4 tu ya ule wa kawaida, huku kihisio kikipitishwa juu ya meno ya steta. Pale ambapo bati zimegusana na umeme unavuja kati yao, kihisio kinaonyesha. Kikisoma zaidi ya miliampea 100, mpimaji anarudi pale kutazama kwa makini. Kihisio hicho kigari kinaweza kukibeba, na rota ikabaki palepale.

Haya ni macho, sikio na kidole, vimefungwa kwenye kitu chembamba kuliko mkono wa mtoto. Sasa niambie kiini macho kiko wapi.

Watetezi wa kufungua wana methali zao. Wanasema mficha uchi hazai. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Za kweli zote mbili, lakini hakuna hata moja inayoagiza ubomoe ukuta ili uone kama una ufa. Tatizo lao kubwa ni kudhani kwamba kufungua ni kutazama tu, kitendo kisicho na gharama kwa mashine yenyewe. Kufungua ni kujeruhi. Nililijua hilo kabla sijasoma popote.

Nilikuwa kijana wa kushika tochi. Hiyo ndiyo kazi ya anayejifunza: unammulikia fundi na kumpa spana kabla hajataja namba. Miaka hiyo njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilikuwa haijafika Songea. Ilifika mwaka 2018. Mji ulitegemea jenereta za dizeli, na kila taasisi yenye uwezo ilikuwa na yake uani. Taasisi moja, ambayo sitaitaja, ilikuwa na jenereta iliyonguruma vizuri, haina mtetemo, haina harufu. Lakini mwaka ulikuwa umeisha, na utaratibu ulisema mwaka ukiisha inafanyiwa ovahoo. Ikafunguliwa. Rota ilitolewa kwa cheni bloku iliyofungwa kwenye boriti ya mninga, ikatoka salama, ikasafishwa, ikasifiwa. Ilipokuwa inarudi, cheni iliruka jino moja. Rota ikayumba na kugusa vichwa vya koili. Mlio wenyewe mdogo, kama ukucha kwenye sufuria. Fundi akaniambia nisogeze tochi. Tukaona mchubuko usiozidi punje ya mchele.

"Paka vanishi, mwanangu," akasema. Nikapaka. Tukapima insulesheni kwa mega, ikasoma vizuri. Ilikuwa Agosti, hewa kavu. Januari, mvua zimekolea na kila kitu kimelowa, insulesheni ikapasuka palepale nilipopitisha brashi. Steta ikapakiwa lori hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900, kwenda kuwaindiwa upya. Miezi mitatu taasisi ilikaa kwa mishumaa na vibatari. Ripoti iliandika neno moja kama chanzo: uchakavu. Na pendekezo lake? Mashine ifunguliwe mara nyingi zaidi.

Fundi yule, Mungu amlaze pema, alikuwa hodari, na simlaumu. Mikono yake haikuwa na kosa zaidi ya mikono ya mtu mwingine yeyote inayotoa chuma kizito kwenye nafasi finyu na kukirudisha. Kosa lilikuwa kwenye kalenda.

Wala si hadithi ya Songea peke yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwanabiolojia Mwingereza C. H. Waddington alikuwa miongoni mwa wanasayansi waliochunguza ndege za Uingereza zilizowinda nyambizi za Wajerumani. Ndege zilifanyiwa matengenezo ya ratiba kila baada ya saa 50 za kuruka. Walipohesabu hitilafu kwa kufuata saa hizo, mtu angetegemea zipande kadiri ndege inavyokaribia kurudi gereji. Waliona kinyume chake: hitilafu zilikuwa nyingi mara tu baada ya matengenezo, kisha zikapungua polepole. Mafundi walikuwa wanapeleka ugonjwa kwa mzima. Mwaka 1978, Nowlan na Heap wa shirika la ndege la United waliiandikia Wizara ya Ulinzi ya Marekani ripoti iliyobadili fikra za matengenezo duniani. Kati ya vipuri walivyochunguza, asilimia 68 vilikuwa na hatari kubwa zaidi vikiwa vipya au vimetoka kutengenezwa, kisha hatari ikashuka na kutulia. Asilimia 11 tu ndivyo vilivyoonyesha kuchakaa kwa umri kiasi cha kuhitaji kuwekewa muda maalumu.

Nitaambiwa jenereta si ndege. Kweli. Insulesheni ya jenereta inazeeka kwa joto, kabari zinalegea kwa mtikisiko, na anayekaa miaka kumi bila kutazama atajuta. Kwa sababu hiyohiyo nasema tutazame mara nyingi, na ili tutazame mara nyingi inabidi kutazama kusiwe na maumivu. Mkulima wa Ruvuma anayajua haya bila ripoti. Mtoto asiye na subira huenda kila asubuhi shambani kufukua mbegu ya mahindi aone kama imeota. Baada ya wiki ana uhakika wote kuhusu mbegu zake, na hana mahindi.

Nije kwa wanaosema anasa. Hawa wanahesabu bei ya kigari na kuishia hapo. Hawahesabu bei ya kufungua, kwa sababu imetawanyika katika mafungu mengi ya bajeti na hakuna anayeijumlisha. Chukua mfano wa mkoani kwetu. Masista Wabenedikto wa Chipole wana kituo cha umeme wa maji cha Tulila, kwenye mto Ruvuma, kilichoanza kazi mwaka 2015 kikiwa na uwezo wa megawati 5, na kinaiuzia TANESCO umeme. Kituo cha ukubwa huo kikifanya kazi kwa uwezo wake wote kinatoa uniti 120,000 kwa siku. Simamisha nusu yake kwa wiki tatu na umepoteza uniti zaidi ya milioni 1.2. Maji ambayo hayakupita kwenye mashine siku hizo yamekwenda zake Bahari ya Hindi, na hayarudi kukudai. Nenda Rufiji, kwenye Bwawa la Julius Nyerere, lenye mashine 9 za megawati 235 kila moja, ya kwanza ikiwa imeingia kwenye gridi Februari 2024. Mashine moja tu pale, kwa siku moja ya uwezo kamili, ni uniti milioni 5.6. Rota yake ina uzito wa mamia ya tani. Haitoki mpaka kreni ya jumba zima ifanye kazi hiyo peke yake.

"Tutafungua kiangazi, maji yakiwa machache." Nimeisikia hoja hiyo, na kwa upande wa uniti ina mashiko. Lakini cheni inayoruka jino haijui kiangazi wala masika. Tena tujiulize nani hasa anaumizwa zaidi na kufungua. Kiwanda cha Ujerumani kikichubua koili, fundi wa kuwaindi yuko mji wa pili, kipuri kinafika keshokutwa, na gridi haiyumbi. Sisi tukichubua koili, tunapakia lori. Kadiri ulivyo mbali na kipuri, ndivyo unavyopaswa kuogopa spana isiyo na sababu. Kwa hiyo anasa ni kufungua, na ni sisi maskini tunaoila anasa hiyo kila mwaka kwa jina la uangalifu.

Tena hakuna aliyesema kila kituo kinunue kigari chake. Nani hapa Hanga ana trekta lake? Tunakodi, tunapanga zamu, shamba linalimwa. Vituo vya umeme vya nchi moja vinaweza kufanya vivyo hivyo. Na kwa mashine ambazo kigari hakifai, kuna njia nyingine zenye roho ileile. Jenereta nyingi za maji zina rota iliyopangwa ncha za sumaku pembeni kama meno ya gia kubwa. Unaweza kuchomoa ncha moja au mbili, ukapata dirisha, kisha ukaizungusha rota polepole mpaka dirisha hilo limepita mbele ya steta yote. Rota yenyewe haikuinuliwa hata sentimita moja. Kwa mashine ndogo kama zile za karakana na mashine za kusaga, ambazo mwanya wake unaweza usizidi milimita moja, kuna kamera nyembamba yenye waya mrefu inayochomekwa kwenye simu. Bei yake ni kuku wachache. Na mega unayo tayari: pima, andika usomaji wa dakika ya 1, endelea mpaka dakika ya 10, kisha gawanya wa pili kwa wa kwanza. Ukipata 2 au zaidi, insulesheni kwa kawaida ni kavu na safi. Ukikaribia 1, ina unyevu au uchafu, sasa una sababu ya kufungua. Mafundi wangapi wanaoamini spana wanasubiri zile dakika kumi?

Hapo ndipo ninapokutana na hoja ya tatu, ya ajira, na hapo ndipo ninapoona kilichojificha nyuma ya zote. Kufungua kunaonekana. Rota ikining'inia hewani, mkuu anapigwa picha mbele yake, mkaguzi wa hesabu anaona jasho, vibarua wanapata posho. Fundi aliyekaa siku mbili na vipimo vyake, kisha akasema "mashine ni nzima, msiiguse," anaonekana amekula hela ya bure. Tunamlipa mtu kwa uzito wa chuma alichoinua. Katika utaratibu wa namna hiyo, roboti itachukiwa hata kama ingeletwa bure, kwa sababu inamnyima mtu ushahidi wa kuwa alifanya kazi.

Lakini kazi gani hiyo tunayoililia? Kibarua cha kuvuta cheni wiki tatu kwa mwaka, na kijana anarudi nyumbani bila kujua alichokivuta. Ovahoo za mitambo mikubwa zina desturi ya kuletewa wataalamu wa kampuni iliyotengeneza. Wetu wanabeba masanduku. Kigari hakiondoi ajira hiyo, kinafunua kwamba haikuwa na ujuzi ndani yake. Kinachohitajika na kigari ni mtu wa kukiendesha, mtu wa kusoma picha, mtu wa kutunza daftari la picha za mwaka huu na za miaka mitano iliyopita ili ajue kabari namba fulani imeanza kulegea lini. Vijana wa kozi za umeme wanaweza kazi hizo. Anayejua kusoma picha leo atakuwa na kazi kesho. Anayejua kuvuta cheni tu tayari ana ushindani wa kreni.

Sasa nikubali ya kukubali. Bambo lina wadanganyifu wake: wapo wanaojaza mahindi mazuri ubavuni, pale bambo linapochoma, na kuficha pumba katikati. Kigari nacho kinaona pale kinapofika tu. Sumaku yake haishiki chuma kisichovutwa na sumaku. Hakioni waya wa rota uliojificha chini ya pete zake za kukazia, hakisemi lolote kuhusu beringi, wala hakijui maji yamekula kiasi gani mapanga ya tabo. Anayekuuzia kigari kama dawa ya kila kitu, mfukuze pamoja na anayekuuzia ovahoo ya kila mwaka. Na kigari kikionyesha kabari zimelegea safu nzima, fungua, tena haraka. Kamwe sijasema spana zitupwe mtoni. Ninachosema ni kwamba spana isubiri iitwe.

Kuna hofu moja ninayoiheshimu kuliko hoja zote tatu, na cha ajabu wapinzani wangu hawaitaji. Kigari kikija na mgeni, na mgeni akaondoka na picha, tutabaki na ripoti ya kurasa mbili isemayo "hali ni nzuri" au "hali si nzuri", na mwaka utakaofuata tutamlipa tena atuambie. Fundi wa zamani alifungua, akaona kwa macho yake, akajua. Ujuzi ulibaki hapa. Hatari hiyo ni ya kweli. Dawa yake ni mkataba: picha zote zibaki kituoni, vipimo vyote viandikwe kwenye daftari la kituo, na kijana wetu mmoja aketi kiti cha pembeni tangu kigari kinapoingia hadi kinapotoka. Mnunuzi wa mahindi haondoki na punje. Anazimwaga kiganjani mwa mwenye gunia, wanatazama wote wawili, na bei inazungumzwa juu ya kitu ambacho wote wamekiona.

Ndiyo maana nadhani mageuzi yaanzie kwenye mtihani kabla ya kuanzia kwenye ununuzi. Leo tunampima kijana wa ufundi umeme kwa kumpa mota aifungue, aifunge, na izunguke. Anayemaliza upesi anapigiwa makofi. Napendekeza mtihani mwingine. Apewe mota ambayo nati zake zimepakwa rangi ili ikichubuka ijulikane. Apewe mega, tochi, kamera ya waya, kipimajoto, na daftari la mashine hiyo la miaka mitatu. Aulizwe swali moja: kuna nini ndani, na ifunguliwe au isifunguliwe? Apewe asubuhi nzima. Atakayeshika spana kwanza, arudie mwaka.